Taja Jina Kwanza, Ndipo Urekodi

Katika kikosi chetu cha watu wawili, betri hubebwa na mdogo. Kinasa sauti hubebwa na mkubwa, maamuzi hubishaniwa na wote, na anayenuna hanunuliwi urojo. Mkubwa ni mimi, mwandishi wa habari za utamaduni katika redio moja hapa Unguja. Mdogo ni mwanangu wa kiume, mwanafunzi wa uandishi wa habari, ambaye kila Februari hupeleka video kwa televisheni ya mtandaoni inayomlipa kwa kipande. Hatufanyii kazi chombo kimoja. Tukishavuka geti la Ngome Kongwe, kila mmoja na kitambulisho chake shingoni, tunakuwa washindani waliotoka nyumba moja na kupanda daladala moja.

Watu hawatutambui upesi. Vitambulisho vyetu havilingani majina, maana mimi nina jina la baba yangu na yeye ana la babake, kama ilivyo ada kwetu. Akiniita "Mama" mbele za wenzetu haisaidii kitu, kwa sababu nusu ya vijana wa pale wananiita hivyo hivyo. Mpiga picha mmoja wa kutoka Nairobi alishinda nasi kutwa akidhani huyu ni msaidizi wangu, tena msaidizi mwenye ubishi.

Tamasha la muziki tunaloliripoti, Sauti za Busara, lilianza Februari 2004, likiandaliwa na Busara Promotions chini ya mkurugenzi wake wa mwanzo, Yusuf Mahmoud. Makao yake ni Ngome Kongwe, ile ngome ya pale Forodhani iliyoanzwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, walipokwisha kuwafukuza Wareno. Sharti la jukwaani linajulikana: watu hupiga laivu. Msanii wa kuja na flashi yenye muziki uliokwisha kupikwa studio, yeye akaimba juu yake, ajue hapa si mahali pake. Kwa mwandishi sharti hilo ni neema. Palipo na muziki wa kweli pana uzi unaokatika, pana mpiga besi anayemtazama mwenzake kwa jicho la kuuliza "tunarudi wapi?", pana wimbo unaorefuka kwa sababu ukumbi umekataa uishe. Kwenye flashi hakuna habari.

Siku ya kwanza huanzia barabarani, na barabarani ndipo tunapogombana zaidi. Maandamano ya ufunguzi huteremka mjini mpaka Forodhani yakiwa na wacheza ngoma, wasarakasi, watoto walioambatana nayo bila kualikwa, na beni. Mimi hungojea beni. Ya kikundi cha Mbwa Kachoka ikikaribia, mitaa miwili mbele wanawake wanakuwa wameshatoka vizingitini.

Beni si ngoma ya kuitajataja juu juu kisha mtu akaendelea na safari. Ilizaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890, vijana wa Kiswahili walipoiga bendi za matarumbeta za kijeshi pamoja na sare zake na vyeo vyake. Ikaingia Tanganyika, ikatembea na askari katika Vita Kuu ya Kwanza, ikawa uwanja wa mashindano baina ya mitaa na vyama. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima kilichotoka 1975. Kwetu Unguja imebaki kwenye harusi, mahali ambapo kitu huwa hakifi kwa urahisi. Ndiyo maana nikimsikia mtangazaji mwenzangu anaiita "burudani ya kuwapokea wageni", humpigia simu.

Namna ya kuinasa ndiyo ugomvi wenyewe. Mimi huchagua kona moja, nikasimama, kinasa sauti usawa wa kifua, mdomo kimya. Beni inakuja kwa mbali, inakuwa kubwa, inanipita sikioni, inaondoka. Msikilizaji wa redio hana macho, na njia ya kumwonyesha kuwa kitu kinatembea ni kukiacha kije, kisha kikuache. Mwanangu yeye hutangulia mbele ya matarumbeta akirudi kinyumenyume, simu juu ya kishikio chake, mashavu ya mpulizaji yakijaa kioo chote. Mitaro ya mji huu haina huruma kwa mtu anayetembea hivyo, lakini mpaka leo imemsamehe.

"Mama, mtu akiona barabara tupu kwa sekunde tatu keshapitiliza," huniambia.

"Msikilizaji wangu anakuna nazi. Hana haraka ya kwenda popote."

Wote wawili tuna haki, na hilo ndilo linaloudhi. Picha zake zina sura za watu: unaona jasho, unaona tarumbeta iliyofungwa kwa waya, unaona bwana mtu mzima anavyolegea bega moja akajiunga. Sauti yake lakini ni vurugu, kwa sababu maikrofoni ya simu ikisogezwa karibu na shaba iliyopulizwa kwa nguvu hujikunja na kutoa mkwaruzo. Sauti yangu ni safi, ila haina sura. Siku hizi tumepatana: picha zake, sauti yangu chini yake. Nilitoa sharti moja tu, kwamba mwisho wa video liandikwe jina langu na mahali nilipoirekodia. Akaniona nataka sifa.

Sikutaka sifa. Nilikuwa nataka kitu ambacho naona ni kazi yenyewe ya kuripoti tamasha, na ambacho ndicho pekee ninachojali mwanangu akirithi kutoka kwangu, maana vifaa vyangu atavitupa.

Kabla ya kurekodi chochote, hubonyeza kitufe kisha nikasema: leo tarehe fulani, tuko Ngome Kongwe, Unguja, kwenye tamasha fulani, anayepiga ni fulani bin fulani wa kikundi fulani, ana fidla, wimbo unaitwa hivi, mtunzi ni huyu. Sekunde kumi, kumi na tano. Nilifundishwa hivyo nilipoingia redioni, wakati ule wa mikanda mipana, na aliyenifundisha hakuwa na subira: mkanda usio na utambulisho aliurudisha mezani kwangu bila kuusikiliza. Mwanangu mara ya kwanza aliposikia nikijisemesha peke yangu nyuma ya spika alicheka. Simu, aliniambia, inajua tarehe na inajua mpaka ulipo.

Simu inajua, ndiyo. Lakini ukishaituma ile video kwa WhatsApp kwa mhariri, naye akamtumia mwenzake, taarifa hizo hubaki njiani. Faili hufika uchi, lina namba tu na tarehe ya siku lilipopokelewa. Na hata kama tarehe ingebaki, simu haimjui mpiga nai. Hakuna programu itakayokuambia kuwa yule wa pili kutoka kushoto ni mwanafunzi wa nani.

Sisi watu wa visiwani tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hili, kwa namna tulivyopoteza. Mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa ajili ya His Master's Voice. Zile santuri zilikuwa na karatasi katikati, na juu ya karatasi jina. Kwa sababu ya karatasi ile leo tunaweza kusema huyu ni Siti, na wapigaji wake ni watu wenye majina: Mbaruk, Budda Swedi, Subeit Ambar. Kisha akatokea Shaaban Robert akaandika wasifu wa Siti. Mimi humwambia mwanangu kwamba Shaaban Robert, pamoja na ushairi wake wote, pale alifanya kazi ya mwandishi wa habari: alikwenda kwa mwenye habari, akauliza, akaandika nani, wapi, lini. Bila yeye tungejua sauti ya Siti, lakini mtoto wa Fumba aliyezaliwa akaitwa Mtumwa tungemjua kwa hadithi za barazani tu.

Kutoka kwa Siti nenda kwa Bi Kidude. Huyu wengi wetu tulimwona kwa macho. Alipanda jukwaa la Busara, alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, alifariki Aprili 17, 2013, dunia nzima ikatangaza. Alizaliwa lini? Hakuna mwenye jibu. Mwenyewe alikuwa akieleza kuwa alizaliwa enzi za rupia, na waandishi wakawa wanaongeza au kupunguza miaka kadiri ya nafasi waliyokuwa nayo kwenye safu. Jina lake la kuzaliwa, Fatuma binti Baraka, lilikosekana katika taarifa nyingi za siku zile. Kwa wahariri wengine "bibi kizee anayevuta sigara" ilitosha. Nimekaa kwenye ofisi za habari nikiwaona watu wenye digrii wakiridhika na maelezo hayo.

Kuna na mfano wa upande mwingine, nao hunikera kidogo kuutoa. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, na kila alichonasa alikiandikia kadi: jina la mwimbaji, mahali, lugha, ala, tarehe, hata namna ala ilivyotuniwa. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, ILAM, na zile kadi zipo. Mtu wa kutoka mbali, katika zama za ukoloni, mwenye mawazo yake ambayo mengine siyapendi, lakini kadi aliandika. Kwa upande wetu, Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa kwa miaka mingi karibu studio pekee ya bendi za nchi nzima, iliachia kizazi cha leo rafu za mikanda ambayo thamani yake kila mmoja anaisema na wachache wameisikiliza. Mkanda wenye maandishi mgongoni unaweza kuokolewa. Usio na maandishi utaokolewa vipi, na aliyekuwa akimjua mwimbaji kwa sauti amekwisha kuzikwa?

Mwanangu alinisikiliza siku nilipomweleza haya yote, akanywa juisi yake ya miwa mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo stetasi zangu, zinazofutika baada ya saa ishirini na nne?"

"Hizo ni salamu," nikamwambia. "Salamu si vibaya."

Tangu hapo husema majina. Si kwa sauti yangu ya redio. Husema haraka haraka, kama anayetaja vituo vya daladala, lakini husema.

Nyuma ya jukwaa kuna milango ambayo kila mmoja wetu hufunguliwa akiwa peke yake. Waimbaji wanawake wa taarabu wakiwa wanabana mitandio na kupaka wanja, mimi huketi nao chini kwenye mkeka. Hapo mwanamume hasogei, awe na kitambulisho cha rangi gani. Na hapo ndipo mambo husemwa: nani aliukataa wimbo kwa kuwa unamgusa jirani, nani anaimba leo kwa mara ya kwanza tangu kujifungua, gauni la sare limelipiwa na nani. Nusu ya mambo hayo siyatangazi. Nusu iliyobaki ndiyo inayofanya kipindi changu kisifanane na cha mtu mwingine.

Kwa wazee, mlango ni salamu na subira. Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini, tatutatu kwa kila sauti, na joto la Februari huzilegeza. Mzee anayezikaza huwa hayupo kwetu. Yuko ndani ya nyuzi. Mwandishi mgeni huona huo ndio wasaa mzuri wa kuuliza, mtu mwenyewe ameketi, mikono inafanya kazi ndogo. Mimi mwanangu nimemzoeza: shikamoo maalim, kisha kaa. Usirekodi, usijikohoze. Akimaliza atakutazama. Akikutazama, usimuulize anajisikiaje. Muulize ganuni hii ilikuwa ya nani kabla yake.

Swali la "unajisikiaje" nimelipiga marufuku katika kikosi chetu, pamoja na ndugu yake, "unaionaje Zanzibar". Jibu hujulikana kabla swali halijamalizika: msanii amefurahi sana, watu ni wakarimu, bahari nzuri. Ukitaka mtu aseme, muulize kuhusu kitu anachoweza kukigusa. Muulize aliyemfundisha. Muulize usafiri wa ngoma zake ulikuwaje kutoka kwao, na ndege iliiharibu ngozi ipi. Mwanamuziki anayechoka na waandishi huamka ukimtajia kifaa chake.

Lakini kwa vijana wenzake mlango ni wake. Wale wa Zenji Flava na wale wa singeli wanaovuka kutoka Dar es Salaam wakiniona mimi huvaa adabu. Wanasimama wima, wanasema "muziki wetu unaelimisha jamii", na hapo najua sipati kitu. Kwa mwanangu hujiachia. Usiku mmoja nilimsikia, nikiwa upande wa pili wa pazia, akimuuliza kijana mmoja mtengeneza biti swali ambalo mimi nisingelijua kulitunga: hii mmeikata kutoka wapi? Kijana akafungua kompyuta. Akapunguza mwendo wa biti, akapunguza tena, mpaka ile kelele ya singeli ikafunguka na ndani yake kikatoka kipande cha kinanda cha taarabu, kile cha taarabu ya kisasa ninayoijua tangu usichana wangu.

Waliofuatilia singeli watasema hili si geni, na ni kweli. Muziki huo wa mitaa ya Dar es Salaam ulitoka kwenye mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio, ukachukua vipande vya taarabu, ukavikimbiza. Kina Sisso waliuweka kwenye kompyuta, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Uganda ikatoa mkusanyo wa kazi za studio yake, ukasikika Ulaya kabla haujasikika ipasavyo kwenye redio za heshima za hapa nyumbani, yangu ikiwemo. Mimi singeli sikuipenda, na bado haijanikaa. Ila baada ya usiku ule niliifanyia kipindi kizima, nikianza na kile kipande kikiwa taratibu, nikakiharakisha kidogo kidogo hewani. Simu zilizopigwa studio zilikuwa za watu wazima, na walichotaka wengi wao ni kuambiwa kipande kile kilikatwa kwenye wimbo gani na mpiga kinanda alikuwa nani. Kijana hakuwa anajua. Alikipokea kwa flashi, hakina jina.

Hapo ndipo mwanangu alipolielewa jambo la majina kuliko siku ile ya juisi ya miwa, maana sasa halikuwa la wazee tena. Kijana wa rika lake alikuwa anapata riziki kwa kazi ya mtu asiyemjua, na mtu huyo huenda yuko hai, huenda anakaa mtaa wa tatu.

Suala la haki liko karibu na hilo na halina utamu, lakini kila mwenye simu anapaswa kulisikia. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki ya 2003, na ina COSOZA ya kuisimamia. Kwenye matamasha mengi, waandishi wenye kamera huruhusiwa nyimbo chache za mwanzo, kisha hutolewa mbele ya jukwaa. Mimi kanuni yangu ni nyembamba zaidi: kipande kifupi ni habari, wimbo mzima ni wizi. Mwanangu hapa hakubaliani nami kikamilifu, na hoja yake si ya kitoto. Anasema vikundi vingine vya Unguja havina hata wimbo mmoja mtandaoni, na vingeomba mtu arekodi onyesho lao zima na kuliweka. Ni kweli vipo. Nikamwambia basi waombe wao, na ruhusa hiyo airekodi pia, kwa sauti, na jina la aliyeitoa. Tangu afanye hivyo amegundua kuwa viongozi wa vikundi wakiambiwa "sema jina lako na useme unaniruhusu nini" hufikiri mara mbili, na mara nyingine hukataa. Kukataa kwao nako ni jambo la kuandika.

Halafu kuna fundi mitambo, mtu ambaye wanafunzi wa uandishi hawafundishwi kumsalimu. Yeye ndiye mwenye sauti ya jukwaa zima kwenye miksa yake. Ukienda kwake mchana, wakati wa majaribio ya vyombo, ukamkuta ana njaa, ukaja na chapati na mishkaki, unaweza kuruhusiwa kuchomeka waya wako usiku. Ukienda usiku ukiwa na kitambulisho na haraka, utatazamwa kama inzi. Sauti ya miksa peke yake lakini haina watu, ni kavu. Mimi huichanganya na ile ya kinasa sauti changu kilichoelekezwa kwa hadhira, ili makofi na vigelegele virudi mahali pake.

Kuna habari za tamasha ambazo hazina muziki, na kwangu hizo ndizo kipimo. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika. Fedha hazikutosha. Mwanangu alikuwa bado skuli na hakumbuki zaidi ya kwamba Februari ile nilikuwa nyumbani usiku. Waandishi wa burudani wengi waliandika taarifa ya kufutwa, aya nne, wakaendelea na mengine. Hatukujua kuuliza. Tamasha la namna hii husimama kwa wafadhili. Tiketi ya mwenyeji huuzwa rahisi kuliko ya mgeni wa ng'ambo, na sawa kabisa iwe hivyo, maana tamasha la kumfungia nje mtu wa mitaa ya Ng'ambo na Kwahani lingekuwa la nani? Lakini jukwaa, taa, ndege za wasanii na vyumba vyao havilipwi kwa bei ya mwenyeji. Wakati huohuo hoteli za Mji Mkongwe hujaa, teksi hazikamatiki, wauza chakula wa Forodhani hupandisha bei ya pweza. Nani anachangia nini? Nilipomwambia mwanangu kwamba swali hilo ni la mwandishi wa muziki, alinitazama kama niliyemwambia akaripoti bajeti. Chuoni kwao somo la fedha liko darasa jingine.

Mwaka 2021 ulimfundisha zaidi ya mimi. Korona ilikuwa imefunga majukwaa karibu kila nchi. Hapa tamasha likafanyika, usiku mbili, Februari. Jirani ya ngome, Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilikuwa limeporomoka upande wake Desemba 25, 2020, watu wakafa. Kila ulikoelekeza kamera kutoka upande wa bahari, kifusi kilikuwa karibu. Kuna mwenzetu aliyekuwa akihangaika kutafuta pembe ya kukificha. Nilisimama nikanasa sauti ya majaribio ya spika ikipita juu ya mabati ya uzio wa lile jumba, nikaitambulisha kama kawaida: tarehe, mahali, kinachosikika. Ndiyo rekodi yangu iliyoombwa na watu wengi zaidi, na haina wimbo hata mmoja.

Usiku ukiisha tunarudi nyumbani na kazi huanza upya. Yeye keshaposti akiwa njiani. Mimi nina taarifa ya asubuhi, sekunde tisini, na mhariri atakayenikata mpaka sitini. Meza ni moja, ya chakula. Hedifoni mbili, soketi moja. Yeye hunisomea maoni ya watazamaji wake, mimi humsomea sentensi ya kwanza ya taarifa yangu, kila mmoja akijifanya hahitaji kusikilizwa. Sifa yake kubwa kwangu ni "inakaa". Yangu kwake ni kutosema kitu.

Sasa ugomvi wetu umehamia kwenye diski. Amejitolea kuhamisha kila nilichorekodi, kanda, CD na memori kadi, kukiweka mahali pamoja, na kwa kila faili anasikiliza ile sauti yangu ya mwanzo na kuyaandika yale majina. Tumekwama kwenye namna ya kuliita faili. Yeye anataka jina la msanii litangulie, maana hakuna mtu duniani, anasema, anayetafuta wimbo kwa tarehe. Mimi nataka tarehe itangulie. Majina hubadilika mikononi mwa watu: Mtumwa huwa Siti, Fatuma huwa Kidude, wanaoitwa Culture Musical Club kwenye CD ndio Mila na Utamaduni kwenye mabaraza yetu, na mwenye kutafuta jina moja hatampata mwenye jina la pili. Tarehe haina lakabu. Akanijibu kuwa hiyo ndiyo sababu ya kuweka majina yote mawili, na kwamba kompyuta haichoki na jina refu. Nikamwambia mimi ndiye ninayechoka. Amenunua diski ya pili. Ile ataipanga kwa majina, hii yangu itabaki na tarehe mbele, na Februari ijayo tutaona ni ipi itakayofunguliwa kwanza mhariri akipiga simu.